Nyuzinyuzi za nguo huishia wapi?

Kikaushio cha kawaida kina kichujio. Ukimaliza kukausha unakichomoa, unabandua ule utando laini wa nyuzinyuzi, basi. Lakini zile mashine zinazofua na kukausha humo humo, nyingi hazina kichujio hicho. Ina maana nguo zake hazitoi nyuzinyuzi? Zinatoa, tena nyingi tu.

Kazi inaenda hivi: feni inasukuma hewa iliyopashwa moto na hita kuingia kwenye pipa lenye nguo. Hewa inatoka imebeba mvuke na nyuzinyuzi, kisha inapita mahali panapotiririka maji baridi. Mvuke unageuka maji, nyuzinyuzi zinalowa, na pampu inavitoa vyote nje.

Tatizo ni kwamba nyuzinyuzi mbichi hunata kama uji ulioganda kwenye sufuria. Nyingine hubaki kwenye njia ya hewa, kwenye feni, hata ndani ya mikunjo ya mpira wa mlango. Hewa ikibanwa, nguo zinazunguka masaa na bado zinatoka na unyevu. Watu husema hita imekufa, kumbe inapumulia tundu la sindano! Na zikikauka karibu na hita, zinaweza kushika moto.

Kwa hiyo ukishakausha, endesha suuza moja pipa likiwa tupu. Futa mpira. Safisha kichujio cha pampu, kwa kawaida kiko chini mbele (tega beseni, maji yatamwagika). Usishindilie nguo pia: mashine inayofua kilo 8 huenda inakausha 5 tu. Njia ya hewa yenyewe mwachie fundi.