"Mwanza" ya Rayvanny na Diamond: Nyegezi Ina Kosa Gani?

Makala haya yanazungumzia kolabo moja tu, wimbo "Mwanza" ulioimbwa na Rayvanny akishirikiana na Diamond Platnumz mwaka 2018. Najua wapo wenzangu, na hata baadhi ya walimu wetu, watakaouliza: Bongo Fleva inatafuta nini kwenye jarida la uhakiki? Jibu langu ni fupi. Wimbo huu ulizua kesi kubwa kwa sababu ya neno, na maneno ndiyo kazi yetu. Kama sisi tunaosoma fasihi hatuwezi kueleza neno limefanya nini ndani ya wimbo, basi tusinung'unike wengine wakitueleza kwa barua ya marufuku.

Tuanze na mkasa wenyewe. Tarehe 12 Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, liliufungia wimbo huo kwa maelezo kwamba unakiuka maadili. Mwezi uliofuata wasanii hao, ambao wakati huo wote walikuwa chini ya WCB Wasafi, walikuja hapa Mwanza kwenye tamasha lao na kuuimba jukwaani. Tarehe 18 Desemba BASATA likawafungia wao wenyewe, wasifanye maonyesho ndani wala nje ya nchi. Waliomba radhi, na Januari 2019 wakafunguliwa.

Neno lililoleta zogo ni Nyegezi. Kwa asiyeijua Mwanza, Nyegezi ni eneo la jiji hili, wilaya ya Nyamagana. Pana stendi ya mabasi, na mwaka 1960 ilianzishwa huko taasisi ya mafunzo ya jamii ambayo mwaka 1998 ilizaa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Yaani ni jina la kwenye tiketi na kwenye anwani. Ila silabi zake mbili za mwanzo zinalingana na "nyege", neno la ashiki ambalo mtu mwenye adabu zake hulitaja kwa kunong'ona. Wimbo unachezea hapo hapo.

Mchezo huu unafanyaje kazi? Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "nyege" mkazo uko kwenye "nye", katika "Nyegezi" uko kwenye "ge". Kwa hiyo katika mazungumzo ya kawaida maneno haya hayagongani, konda akiita "Nyegezi!" abiria wanashika mizigo yao, basi. Lakini ndani ya wimbo mdundo ndio bwana mkubwa. Mwimbaji anaweza kuvuta silabi, kuikata au kuirudia, na ule mpaka uliowekwa na mkazo unalegea. Muziki unaweza kufanya kile ambacho maandishi peke yake hayawezi.

Hapo ndipo ukolabo unapoingia. Mtu mmoja akitaja jina la mahali, unaweza kuamini anataja mahali. Wawili wakipokezana jina hilo hilo, mmoja akitupa na mwenzake akidaka, msikilizaji anahisi wana siri baina yao, naye anataka kuijua. Akiijua, amekwisha kuwa mtu wa tatu katika wimbo. Nusu ya maana wameleta wasanii, nusu nyingine kaileta yeye mwenyewe kutoka kichwani mwake. Mtoto mdogo anasikia stendi. Mtu mzima anasikia jingine. Ndiyo sababu fumbo la namna hii ni gumu kulishtaki: Nyegezi kama neno si tusi.

Wala si jambo geni. Taarabu imeishi kwa mafumbo na mipasho. Na sisi wa Usukumani tuna Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana kwa nyimbo na dawa huku kila upande ukiusimanga mwingine. Mshindi hutambuliwa kwa wingi wa watu waliovutwa upande wake. Kwa maneno mengine, ukanda huu wa ziwa una desturi ya uhakiki wa miguu: wimbo ukikuchosha, unahama.

Je, nautetea wimbo? La, si moja kwa moja. Fumbo zuri lina nyumba mbili, na zote zinakalika. Maana ya nje lazima nayo iwe na uzito. Kwa masikio yangu, Nyegezi ya wimbo huu ni sauti tu, haina watu. Rayvanny ni wa Mbeya, Diamond kakulia Tandale. Si dhambi, lakini mji wetu umeazimwa jina na haukurudishiwa kitu. Tena mzaha huo ulikuwa na wa kuulipia. Nilikuwa sekondari wakati ule. Konda akiita Nyegezi daladala zima linaangua kicheko, na dada anayeshuka anainamisha kichwa kana kwamba kafanya kosa kwa kuishi kwao.

Hata hivyo marufuku si uhakiki. Marufuku inasema "msisikilize". Haisemi fumbo limepwaya wapi, wala nani kaumia. Tukumbuke Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa hili hili. Nayo ilizuiwa mashuleni kwa hoja ya maadili, kisha baadaye ikasomeshwa. Siziweki kazi hizi mzani mmoja, jamani. Riwaya ile inauliza nani anawajibika kwa kuanguka kwa msichana. Wimbo wetu hauulizi kitu. Lakini tofauti hiyo utaijua kwa kusoma na kusikiliza tu. Anayezuia vyote viwili kwa kigezo kimoja hawezi kuiona.

Kwa kuhitimisha, naona tuna kazi mbili. Kwanza, tuziingize kolabo hizi darasani, fani na maudhui, kama tunavyofanya kwa ushairi. Pili, tuwe na ujasiri wa kusema wimbo fulani ni hafifu bila kungoja Baraza liufunge, kwa sababu likishaufunga, kila mtu anautafuta, na hakuna tena anayeuliza kama ni mzuri.