Kupima Ubora wa Shule: Mzigo Ulipoondoka na Ulipofika

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, swali moja huulizwa majumbani, sokoni na katika vikao vya bodi za shule: shule ipi ni nzuri? Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani la Tanzania lilikuwa likitaja shule zilizoongoza. Mnamo Januari 2023 liliiacha desturi hiyo. Orodha imeondoka, lakini mazoea ya kuitunga vichwani mwetu hayajaondoka. Shule ambayo wengi wa watahiniwa wake wamepata daraja la nne huitwa mbaya. Walimu wake huvunjika moyo, na mzazi mwenye uwezo humhamisha mwanawe. Hukumu nzito namna hii hapana budi itokane na kipimo sahihi. Katika makala hii tutachunguza kama kipimo tukitumiacho kweli ni sahihi.

Mfano wa mpagazi

Msomaji atakumbuka kwamba katika karne ya 19 Tabora ilikuwa makutano makubwa ya misafara. Njia iliyotoka Bagamoyo ilifika hapo, kisha ikagawanyika kwenda Ujiji na kuelekea kaskazini. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ambayo aghalabu ilikuwa ya frasila 2, yaani kilo 32 hivi.

Tuchukue kwamba tajiri mmoja amepokea mizigo miwili Tabora. Wa kwanza una kilo 28 na wa pili kilo 20. Je, mpagazi wa kwanza ndiye bora? Hatuwezi kusema. Huenda wa kwanza aliondoka pwani na kilo 32 akapoteza 4 njiani, na wa pili aliondoka na kilo 20 asipoteze hata moja. Mizani ya mwisho peke yake haituelezi kazi iliyofanyika njiani.

Tabora ya shule

Mji huohuo unatupatia mfano wa elimu. Shule ya Sekondari ya Wavulana Tabora ilianzishwa mwaka 1922, na Mwalimu Julius Nyerere aliingia hapo mwaka 1937. Shule hiyo, pamoja na ile ya Wasichana Tabora, imo katika kundi la shule za serikali za vipaji maalumu, pamoja na Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato. Shule hizi huchaguliwa wanafunzi waliofaulu vizuri sana.

Kwa upande mwingine, baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari kuanza mwaka 2004, shule za kata zilienea nchini. Kijana wa kata ya Lusu, wilayani Nzega, ambaye babu yake asingeota kufika kidato cha kwanza, sasa anatarajiwa kusoma karibu na kwao. Shule ya kata humpokea mwepesi na mzito, mwenye taa nyumbani na asiye nayo. Kuzilinganisha shule hizi mbili kwa matokeo ya mwisho tu ni kupima mizigo bila kuuliza ilivyoondoka pwani.

Kupima kilichoongezwa

Je, tutoe alama za darasa la saba katika zile za kidato cha nne? La. Mitihani hiyo miwili si mizani moja. Wataalamu hutumia njia nyingine: huwachukua wanafunzi wote walioanza na alama sawa, popote waliposoma, na kutazama wastani wa walivyomaliza. Wastani huo ndio matarajio. Kisha shule hulinganishwa na matarajio ya wanafunzi wake yenyewe.

Katika kidato cha nne pointi zikiwa chache ndiyo heri: 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu. Tufikirie shule mbili za mfano. Wanafunzi wa shule A walitarajiwa kupata pointi 10, wakapata 13. Wa shule B walitarajiwa 24, wakapata 20. Wastani wa shule A umo katika daraja la kwanza, na gazeti litaisifu. Hata hivyo imewashusha vijana wake kwa pointi 3. Shule B imewapandisha kwa pointi 4, kutoka daraja la tatu hadi la pili. Ni nani aliyefundisha zaidi?

Mitego miwili

Mtego wa kwanza ni idadi ndogo. Katika shule yenye watahiniwa 20, mwanafunzi mmoja ni asilimia 5. Penye watahiniwa 200 ni nusu ya asilimia moja. Kwa hiyo shule ndogo hupanda na kushuka kwa bahati tu. Inafaa kutazama matokeo ya miaka mitatu au zaidi.

Mtego wa pili ni wale wasiohesabiwa. Ikiwa wanafunzi 100 waliingia kidato cha kwanza, wakafanya mtihani 60, wakafaulu 54, shule itajivunia asilimia 90. Lakini kati ya walioingia ni asilimia 54 tu waliofaulu. Wale 40 wako wapi?

Hali ya shule

Matokeo hutuambia kilichotokea. Hali ya shule hutusaidia kujua sababu. Baadhi ya vigezo vinahesabika kwa urahisi:

(a) Wanafunzi katika chumba kimoja: kiwango kilichowekwa ni 40.

(b) Matundu ya vyoo: moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25.

(c) Maji: maji ya Ziwa Victoria yamefika Nzega, Igunga na Tabora, lakini bomba kupita mjini si sawa na maji kutoka bwenini alfajiri.

(d) Maabara: usihesabu majengo, hesabu ni mara ngapi katika muhula kila mwanafunzi ameshika bureti kwa mkono wake.

Yako pia mambo yasiyohesabika. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alionya kwamba mtihani haupimi tabia wala moyo wa kutumikia wengine.

Jaribio la kufanya

Tunashauri kila darasa lianze na kipimo kimoja. Kwa wiki nne, kiranja aandike kila kipindi kilichomo katika ratiba na kama kilifundishwa. Ikiwa ratiba ina vipindi 40 kwa wiki, jumla ni 160. Vikifundishwa 120, ni asilimia 75. Andikeni pia sababu ya kila kipindi kilichopotea: mwalimu hayupo, mvua, kuteka maji, mkutano. Madhumuni si kumshitaki mwalimu. Huenda ikaonekana kwamba mwalimu mmoja wa fizikia anagawanywa kwa mikondo minane, au kwamba saa za hisabati zinaishia kisimani.

Mkuu wa shule aendaye kwa afisa elimu na daftari kama hilo haendi kulalamika, anapeleka ushahidi. Na shule ya kata inayojua ilipoanza na ilipofika haitakubali kuitwa mbaya na mtu aliyetazama mizani mara moja tu.