Shona gauni la siku yako, lakini usijikondeshe kwa ajili yake

JE, umewahi kusimama mbele ya kioo ukiwa umevaa gauni ulilolishona kwa mikono yako mwenyewe kwa ajili ya siku kubwa, kisha zipu ikakataa kupanda?

Mimi yalinipata majuma matatu kabla ya harusi yangu. Nilikuwa nimesimama juu ya kigoda katika chumba changu cha kukodi hapa Nairobi, dadangu mdogo akinivutia zipu kutoka nyuma. Ilifika kiunoni ikakwama. Nilibana pumzi, akavuta tena. Ghafla macho yakaingia giza, na nilipozinduka nilikuwa sakafuni, pini mbili za gauni zimenidunga ubavuni.

Kilichoniangusha ilikuwa njaa. Kwa muda wa siku kumi hivi nilikuwa nikiishi kwa chai ya rangi, nusu tufaha na maji, nikitumaini kwamba mwili utapungua uingie katika gauni.

Kina dada wengi mjini hujishonea nguo za harusi, za mahafali au za kupeleka mahari. Wengine hufanya hivyo kwa kubana matumizi, wengine kwa sababu hawapati dukani nguo inayowakaa. Ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, kazi hiyo ina njia zake za kumdhuru mtu, na nyingi zinaweza kuepukwa kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Namba si cheti cha afya

Masaibu yangu yalianza na namba. Nilikuwa nimenunua ramani ya gauni, yaani zile karatasi za kukatia nguo ziuzwazo ndani ya bahasha. Madukani mimi huvaa namba 12. Nilipojipima na kulinganisha na jedwali lililo nyuma ya bahasha, niliambiwa kwamba mimi ni 16. Niliona haya, ijapokuwa nilikuwa peke yangu. Nikakata namba 12.

Laiti ningalijua namba hizo zinatoka wapi! Ramani za karatasi zenye vipimo mbalimbali zilianza kuuzwa na fundi mmoja wa Marekani, Ebenezer Butterick, mwaka 1863. Watengenezaji wa ramani hizo wameshikilia vipimo vyao kwa miongo mingi bila mabadiliko makubwa. Wenye viwanda vya nguo za madukani, kwa upande wao, wamekuwa wakiandika namba ndogo kwenye nguo kubwa ili mnunuzi afurahi. Ndiyo maana mtu yule yule anaweza kuwa 12 dukani na 16 kwenye bahasha, bila kuongezeka hata ratili moja.

Wanaonunua mitumba pale Gikomba wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Gauni lililoandikwa 8 kutoka Marekani hulingana takriban na lile lililoandikwa 12 kutoka Uingereza. Namba hiyo ni alama ya mwenye kiwanda tu. Haisemi lolote kuhusu afya yako.

Hatari ya kujinyima chakula

Katika zahanati nilikopelekwa, daktari alinitoboa kidole kupima sukari, kisha akanipima shinikizo la damu nikiwa nimelala na nikiwa nimesimama. Vyote vilikuwa chini. Aliniuliza nimekula nini tangu juzi. Niliposita, dadangu alinijibia.

Anayetaka kupunguza uzito kwa usalama anashauriwa apoteze nusu kilo hadi kilo moja kwa juma. Kwa hiyo, aliyebakisha majuma matatu hawezi kutarajia zaidi ya kilo tatu, tena kwa kula vyema na kutembea kila siku. Anayejinyima kabisa hupoteza maji na misuli pamoja na mafuta, na uzito hurudi upesi akianza kula. Aidha, kukonda kwa haraka mno huongeza uwezekano wa kupata mawe katika kifuko cha nyongo, maradhi yenye maumivu makali.

Wapo pia wanaonunua dawa za kukojoa bila kuandikiwa na daktari, ili tumbo lishuke kabla ya sherehe. Dawa hizo hutoa maji na chumvi za mwili, haziondoi mafuta. Madini ya potasiamu yakipungua mno, mapigo ya moyo huvurugika, na mtu anaweza kupoteza maisha. Mwenye kisukari au anayetumia dawa za shinikizo la damu asithubutu kujinyima chakula bila kumwona daktari wake.

Pima mwili wa leo

Lililo bora ni kushona kwa kufuata mwili ulio nao leo. Jipime ukiwa umesimama wima, unapumua kama kawaida, na umevaa sidiria utakayoivaa siku hiyo. Tepu iguse mwili bila kuubana. Kisha keti kitini ujipime tena kiunoni na kwenye nyonga. Utashangaa kuona kwamba vipimo vimeongezeka, pengine kwa inchi moja au zaidi. Siku ya sherehe utaketi, utakula pilau na utacheza, kwa hiyo gauni sharti likuruhusu kuyafanya hayo yote.

Kwa kitambaa kisichovutika, mafundi huongeza takriban inchi mbili kifuani, moja kiunoni na mbili kwenye nyonga, juu ya kipimo cha mwili. Nafasi hiyo ndiyo ya kupumulia. Nguo inayobana tumbo huweza kuleta kiungulia, kwani husukuma asidi ya tumboni irudi kooni. Inayobana sana kwenye nyonga yaweza kukandamiza mshipa wa fahamu, na mtu akahisi ganzi au mwasho wa moto upande wa nje wa paja.

Wanawake wengi hujaa maji mwilini siku chache kabla ya hedhi. Usikate kitambaa kwa kipimo cha siku hizo pekee. Jipime mara mbili, kwa siku tofauti. Na kabla ya kukata kitambaa cha thamani, shona kwanza gauni la majaribio kwa kitambaa cha bei nafuu kama marekani. Makosa yatatokea hapo, nawe hutalia.

Mwisho, acha akiba. Badala ya kuacha nusu inchi kwenye mishono ya ubavuni, acha inchi moja na nusu kila upande. Ukinenepa, utafumua na kupanua. Ukikonda, utapunguza. Njia nyingine ni kuweka vitanzi na kamba mgongoni mahali pa zipu, kwani kamba hulegezwa au kukazwa hata asubuhi ya harusi yenyewe.

Kitambaa na ngozi yako

Vitambaa vipya, hasa vile visivyokunjamana, mara nyingi hutiwa dawa kiwandani. Mojawapo ni ya jamii ya fomalini, ile inayojulikana kwa kuhifadhia maiti. Kiasi chake kitambaani ni kidogo, lakini kwa wenye ngozi nyepesi chaweza kuleta vipele na mwasho kwapani, shingoni na popote nguo inaposugua. Fua kitambaa kabla ya kukikata ikiwa ni cha kufulika. Utapunguza dawa hiyo, na pia kitambaa cha pamba kitasinyaa mapema kuliko kusinyaa baada ya kushonwa. Ukikata na kupiga pasi kitambaa kipya, fungua madirisha.

Satini na leso ya kigeni iliyotobolewa maua huenda vikang'aa vizuri, lakini nyingi ni za nailoni au poliesta, ambazo hazinyonyi jasho. Tia bitana ya pamba ndani, hasa kwa sherehe ya mchana kule Mombasa au Kisumu. Ikiwa hereni za bei rahisi hukuletea vidonda masikioni, huenda madini ya nikeli hayakupatani. Basi hakikisha zipu na vishikizo vya chuma havigusi ngozi.

Shingo, mgongo na macho

Baada ya kuanguka ilinibidi niifumue ile kazi yote, na hapo nikafanya kosa la pili. Nilishona usiku kucha kwa siku nne, mgongo umepinda kama upinde. Shingo ikakakamaa, na vidole vikaanza kufa ganzi.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo tano, na kadiri unavyoinama ndivyo misuli ya shingo inavyozidi kuelemewa. Weka cherehani juu ya meza inayolingana na viwiko vyako. Kiti kiwe na mgongo, na nyayo zikae vyema, moja kwenye pedali na nyingine sakafuni. Kazi ya mkono, kama kushona pindo au shanga, ifanye ukiwa umeinua nguo kwa mto mapajani badala ya kuiinamia. Inuka kila baada ya nusu saa, nyoosha mabega na utembee kidogo.

Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa inayokuamsha usiku, ni dalili kwamba mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo cha mkono. Pumzisha mkono, na ikiendelea umwone daktari.

Macho nayo yanahitaji mapumziko. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita sita hivi kwa sekunde 20. Kitambaa cheusi kishonwe mchana karibu na dirisha. Stima ikipotea, usishone kwa mshumaa. Licha ya kuumiza kichwa, mshumaa karibu na kitambaa cha nailoni ni janga la moto. Aliyefikisha miaka 40 na anayelazimika kuisogeza sindano mbali ili aone tundu la uzi, yamkini anahitaji miwani ya karibu.

Sindano haina mzaha

Usiweke pini mdomoni, hata kama ndivyo mafundi wote wa mtaani wafanyavyo. Kicheko au kikohozi kimoja chatosha kuimeza au kuivuta hadi kwenye mapafu. Aliyemeza pini asijitapishe bali aende hospitalini mara moja. Toa pini kabla hazijafika chini ya sindano ya cherehani, kwani sindano ikigonga pini huvunjika na kipande chaweza kuruka machoni. Ondoa mguu kwenye pedali, au uzime stima, kabla ya kutunga uzi.

Sindano ikikudunga, osha mahali hapo kwa maji na sabuni. Ikiwa imevunjikia ndani, usiichokore, nenda hospitalini. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda kama hukumbuki ulidungwa lini mara ya mwisho. Watu wengi hudhani kutu ndiyo iletayo ugonjwa huo, lakini huletwa na viini vinavyokaa udongoni na vumbini, hivyo hata sindano inayong'aa yaweza kuviingiza.

Anza miezi miwili au mitatu kabla ya siku yenyewe. Juma la mwisho liwe la kujaribu na kupiga pasi tu.

Gauni langu je? Mama alipofika kutoka nyumbani alilitandaza kitandani, akalitazama kwa muda. Akaniambia, "Mwanangu, kitambaa hukatwa kikafuata mtu. Mtu hakatwi." Kisha akachukua mabaki niliyokuwa nimeyakunja chini ya kitanda, akakata vipande viwili virefu, tukavitia ubavuni, kimoja kila upande. Kwa kuwa vilifunikwa na mikono, hakuna mgeni aliyeviona.

Siku ya harusi nilikula sahani nzima. Gauni hilo ningali nalo, na vile vipande viwili ndivyo ninavyowaonyesha kwanza wasichana wanaokuja kuniomba niwafundishe kushona.