Asilimia 40 ya jimbo iko wapi?

Ndugu wa Kasongo na Kabambare, mwaka 2006 Maniema ilimpa Joseph Kabila kura nyingi sana. Februari 2007 ikatangazwa serikali ya Waziri Mkuu Antoine Gizenga: watu 60. Raia wakauliza: viti 60 Kinshasa, na barabara yetu? Lilikuwa swali la haki. Mwaka 2024 serikali ya Judith Suminwa ilitangazwa na watu 54, swali likarudi.

Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, tena ikatwe pale pale inapokusanywa. Kinshasa ikakusanya yote, ikarudisha kidogo, kwa kuchelewa. Miaka ile wazazi ndio waliolipa walimu. Familia iliyokimbia vita ilitoa nini? Mtoto alirudishwa nyumbani. Hapo maneno hugeuka: eti jirani, au kabila fulani, ndilo limekula. Hatukubali. Fedha hizo hazikufika kijijini.

Wa kuulizwa ni wabunge wa taifa, na wale wa jimbo kule Kindu, wenye uwezo wa kumhoji gavana. Wakubwa wa vijiji, mkiandika barua, waiteni na waliokimbia, nao watie sahihi.