Ujirani Baada ya Kura

Uchaguzi wenye ushindani mkali hauishi siku anapotangazwa mshindi. Huendelea dukani, msikitini, kwenye gari la abiria na hata kwenye sinia la chakula. Zanzibar imeyaona hayo kwa miaka mingi, na imejaribu pia njia mbalimbali za kuyatibu.

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Visiwani baada ya Mapinduzi, Oktoba 1995, ulimpa Dkt. Salmin Amour wa CCM asilimia 50.2 ya kura za urais, na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF asilimia 49.8. Ni watu wachache Zanzibar wasio na ndugu wa upande wa pili. Matokeo yalipotoka, nusu ya watu walijiona wameporwa, na nusu nyingine walijiona wanasingiziwa.

Silaha iliyotumika mitaani, hasa Pemba, ilikuwa kususiana. Mtu alilipita duka la jirani yake akaenda kununua chumvi mbali, kwa kuwa mwenye duka alijulikana anampigia nani kura. Wapo waliokataa kusali nyuma ya imamu wa chama kingine, na zilisikika habari za ndoa zilizovunjika. Lililouma kuliko yote ni maziko. Kwa desturi ya huko, habari ya msiba ikishatangazwa hakuna anayesubiri kualikwa: wanaume huchimba kaburi na kupokezana jeneza, wanawake hukusanyika ndani kwa mfiwa, na kila mmoja hutoa ubani kwa kadiri ya uwezo wake. Kumwacha jirani azike na watu wake wachache ni kumwambia kuwa si mwenzenu tena, na hakuna sheria inayoweza kumshika mtu kwa kosa hilo.

Barazani nako hakukuwa na nafuu. Maskani ya Kisonge ya wana-CCM, pale Michenzani, ilijulikana kwa ubao wake wa maneno ya kuwachoma wapinzani. Wapinzani nao walikuwa na kahawa yao Jaws Corner, Mji Mkongwe. Kukaa barazani si ubaya, na Zanzibar isiyo na baraza la kahawa haina ladha. Ubaya huingia pale baraza linapokuwa la rangi moja. Anayekaa hapo kila jioni huhadithiwa habari za mpinzani na watu wasiompenda, wala hamsikii mwenyewe akijieleza.

Ipo pia sababu ya kikatiba, nayo haitajwi vya kutosha. Katiba ya Zanzibar hairuhusu mahakama kuchunguza ushindi wa rais ukishatangazwa na Tume ya Uchaguzi. Mwenye kinyongo hana hakimu wa kumwendea, na hasira isiyo na pa kupelekwa humwangukia aliye karibu, naye ni jirani.

Baada ya uchaguzi wa 2000 hali ilifika pabaya. Katika maandamano ya Januari 26 na 27, 2001 waliuawa watu zaidi ya 20, na wengine zaidi ya 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Vyama vilitia saini muafaka mara mbili, 1999 na 2001, lakini karatasi hizo hazikuleta utulivu wa kudumu.

Kilichobadili mambo ni mkutano wa Novemba 5, 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walipokaa pamoja Ikulu ya Zanzibar. Siku chache baadaye Maalim Seif alikwenda Kibandamaiti kuwaambia wafuasi wake kwamba anamtambua Karume kuwa rais, na baadhi yao wakampigia kelele. Kumwendea mpinzani kwa wema mara nyingi humgharimu mtu kwa watu wake mwenyewe kwanza. Hata hivyo, kwa wananchi wa kawaida, hatua ya viongozi hao ilikuwa kama ruhusa ya kufanya jambo ambalo wengi walikwisha kulitamani: kumtolea jirani salamu na kuingia msibani kwake.

Kura ya maoni ya Julai 31, 2010 iliidhinisha Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yaani vyama kugawana madaraka, kwa asilimia 66.4. Oktoba mwaka huo Dkt. Ali Mohamed Shein alishinda kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1 za Maalim Seif. Tofauti ilikuwa ndogo, karibu kama ile ya 1995, ila safari hii aliyeshindwa aliyakubali matokeo na akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Walioshindwa hawakubaki mikono mitupu, na matumaini yao yalikuwa na pa kusimama.

Oktoba 28, 2015 mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, alitangaza kufuta uchaguzi. CUF ikasusia marudio ya Machi 20, 2016, na kule Pemba watu wakarudi kususiana. Maridhiano yaliyowategemea wakubwa peke yao yalikuwa yameonyesha kikomo chake. Wala kumtendea jirani wema hakumlazimu mtu kuyakubali matokeo asiyoyaamini. Anaweza kupeleka malalamiko, kudai tume huru na kukataa kumpigia makofi mshindi, na asubuhi hiyo hiyo akashika jembe kwenye kaburi la mzee wa chama kingine.

Katika uchaguzi wa 2020 alishinda Dkt. Hussein Mwinyi. Maalim Seif, wakati huo akiwa ACT-Wazalendo, aliyapinga matokeo, lakini Desemba aliapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza, uamuzi uliokuwa mchungu kwa wengi waliomuunga mkono. Alifariki Februari 17, 2021. Rais Mwinyi akatangaza siku saba za maombolezo, na chama cha marehemu kikamleta Othman Masoud Othman kushika nafasi yake.