Kibali cha Jiwe la Kaburi katika Uwanja wa Kanisa

Nchini Uingereza, jiwe la kaburi ni mali ya familia iliyoliweka, lakini uwanja wa kanisa husimamiwa chini ya sheria za Kanisa Anglikana. Kwa hiyo tunakushauri usiagize jiwe wala kumlipa mchongaji kabla ya kupata kibali cha maandishi.

Kasisi wa parokia anaweza kuruhusu jiwe linalofuata kanuni za dayosisi kuhusu ukubwa, aina ya jiwe na maandishi. Lisilofuata kanuni hizo huombewa kibali kwa hakimu wa dayosisi, kama yanavyoombewa matengenezo makubwa ya jengo la kanisa, na tangazo hubandikwa siku 28 ili wenye pingamizi wajitokeze. Jiwe lililowekwa bila kibali laweza kuamriwa liondolewe.

Lugha nayo huangaliwa. Huko Exhall, karibu na Coventry, familia ilinyimwa ruhusa ya kuchonga maneno ya Kiayalandi bila tafsiri. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya Kanisa iliwaruhusu. Ukitaka maneno ya Kiswahili, ambatisha tafsiri kwenye maombi yako, na uhifadhi nakala ya kibali.