Mawe ya Tungi: Nani aliyeyajenga?

UKIVUKA Ruvuma kutoka Kilambo hadi Namoto, ukaipita Kionga na kuingia Palma, utakuta nyumba zilizoungua na watu wanaojenga upya. Mimi ni mmoja wao. Mji uliposhambuliwa Machi 2021 nilikimbilia Pemba, yaani Pemba ya huku Cabo Delgado, si kisiwa.

Niliporudi nilitaka msingi wa nyumba. Bei ya saruji ikishavushwa mto, wafanyabiashara wenzangu mnaijua. Nikakumbuka magofu ya ng'ambo ya ghuba, upande wa rasi. Nikaazima mtumbwi, nikapakia mawe.

Pwani alinipokea mzee mmoja, jirani ya marehemu baba.

"Mwanangu, hayo umempiga hodi nani?"

"Ni ya Wareno, mzee. Hayana mwenyewe."

Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Mreno alikuja huku kuyapiga mizinga, si kuyajenga."

Nilikwenda kuuliza na kusoma, nikaona mzee hakukosea. Tungi ilikuwa na sultani wake, na Zanzibar nayo ikiidai. Desemba 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana mpaka wao uwe Ruvuma, na wenyeji hawakuulizwa. Februari 1887 manowari za Wareno zikaushambulia mji kwa mizinga. Kionga ilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1894, Wareno wakaitwaa 1916. Ndiyo maana leo mtu wa Msimbati na mtu wa Kionga, wajukuu wa bibi mmoja, wanaonyeshana pasi za kusafiria.

Na kujenga je? Ufundi wa mawe yale ni ule ule wa Kilwa, Songo Mnara na Ibo. Kuta hujengwa kwa mawe ya matumbawe ya nchi kavu. Matumbawe mabichi ya baharini ni laini, huchongwa kwa shoka yangali na maji, yakikauka yanakuwa magumu. Hayo ni ya fremu za milango na vibla. Chokaa ni matumbawe hayo hayo, yaliyopangwa juu ya lundo la magogo yakachomwa. Baba yangu mdogo alikuwa akichoma chokaa hivyo, wala hakuna mtu aliyemwita Mreno.

Angalia pia upana wa vyumba vya zamani: vyembamba, hatua tatu au nne tu. Kipimo hicho kimetokana na boriti ya mkoko, ambayo haiwi ndefu zaidi. Kilwa, iliyotajirika kwa dhahabu ya Sofala, ililikwepa tatizo hilo kwa kuezeka sehemu ya Msikiti Mkuu kwa kuba za mawe. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331 akausifu mji. Sultani aliyemkuta, al-Hasan bin Sulaiman, alipiga sarafu za shaba, na moja imeokotwa mbali kabisa, Zimbabwe Kuu.

Kunyang'anywa kazi ya babu zako si jambo la kwetu peke yetu. Kule Kambodia, Wakhmer walijenga Angkor Wat katika karne ya 12. Mfaransa Henri Mouhot alipofika mwaka 1860 na kuwauliza wenyeji, wakamjibu ni kazi ya majitu, au ya mfalme wa malaika. Nao walikuwa wakizungumza lugha ya wajenzi wenyewe!

Sisi husema Washirazi. Mwaka 2023 wataalamu walichapisha uchunguzi wa mifupa ya makaburi ya kale ya pwani, Kilwa ikiwamo. Wengi wa waliozikwa walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao kwa akina mama wa Kiafrika. Upande wa baba ulitoka sana Uajemi. Kwa hiyo wazee wa Shirazi hawakuwa hadithi tupu, ila mji ulikuwa na mama zake pia, na hao hawatajwi.

Mawe nimeyarudisha, safari mbili za mtumbwi, mzee ameketi mbele bila kusema neno. Nyumba yangu ina kozi mbili za matofali ya saruji ya Mtwara. Ya tatu inangoja mzigo ujao wa dagaa.